Prosija inakula makosa kimyakimya

SWALI: Habari za kazi, nina prosija ya MySQL (amri zilizohifadhiwa ndani ya hifadhidata) inahamisha salio toka akaunti moja kwenda nyingine, nikaweka CONTINUE HANDLER FOR SQLEXCEPTION (kishika makosa) isije ikakatika njiani, sasa mara nyingine salio linapungua huku ila kule haliongezeki na hakuna kosa lolote linaloonekana, shida nini?

JIBU: Shida ni hiyo CONTINUE yenyewe. Umeiambia ikikuta kosa ipotezee, iende mstari unaofuata, na kweli inatii. Weka EXIT HANDLER (inayokatisha kazi kosa likitokea), ndani yake ROLLBACK (inarudisha data ilivyokuwa) halafu RESIGNAL (inapeleka kosa kwa aliyeita), na chini yake, kabla ya badiliko la kwanza, START TRANSACTION (inayofungua muamala) maana bila hiyo kila badiliko linahifadhiwa papo hapo na hutakuwa na cha kurudisha. RESIGNAL ndo wengi wanaisahau (hata mimi nishawahi), bila yake data inarudi salama lakini programu iliyoita inadhani mambo poa. RESIGNAL ipo tangu MySQL toleo la 5.5.

CONTINUE iachie NOT FOUND, pale unaposoma rekodi mojamoja na zikaisha. Maonyo ni SQLWARNING, yaani SQLSTATE (misimbo ya hali) zinazoanza na 01, usipoyashika prosija inaendelea tu. Na handler zinatangazwa chini ya variabo, ukizitanguliza MySQL inagoma.