Aingiaye mnadani ana mbuzi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Mpiga muziki wa asili anayezunguka minadani na kwenye stendi anaishi kwa kazi yake, au ni ombaomba mwenye ala?" Aliyenisomea ni mtoto wangu wa kidato cha pili, mimi nikiwa nakaza nyuzi za zeze. Alipofika kwenye "ombaomba" alisita, akanitazama. Nikamwambia endelea tu, sisi Wagogo neno hilo tumelizoea. Tumetaniwa nalo kwenye mabasi, misibani, hata kwenye sendofu za dada zetu, na mtani akinirushia nami namrushia. Lakini jarida si mtani wangu, kwa hiyo nalijibu.

Naishi kwa kazi hii, na nimeishi kwayo miaka 19. Sina bendi wala mwajiri. Nina zeze moja, ilimba moja (ndiyo ile marimba ya mkononi), njuga za mguuni na kofia. Shamba tunalo, mama watoto analima uwele na alizeti. Mwaka ambao mvua inakata mapema, zeze ndilo linanunua unga. Mwaka ambao mvua inashuka vizuri, shamba ndilo linanibeba mimi. Nayasema haya mapema ili kijana asije akauza baiskeli yake kesho akanunua zeze kwa ajili yangu.

Aliyenifundisha ni mjomba wangu, mdogo wake mama. Enzi zake hela ilikuwa nadra. Alikuwa anapewa kibuyu cha ujimbi (pombe yetu ya kienyeji), kuku, pengine mguu wa mbuzi, na mahali pa kulala. Somo lake la kwanza halikuwa wimbo. Alinipeleka mnadani akaniuliza, "Mjomba," maana ndivyo tulivyoitana, yeye kwangu na mimi kwake, "ungekuwa wewe ungekaa wapi?" Nikamwonyesha langoni, penye watu wengi. Alicheka mpaka akakohoa. "Aingiaye ana mbuzi," akasema. "Atokaye ana hela. Sasa wewe unataka kumwimbia mbuzi?"

Tangu siku hiyo sijapiga langoni. Chukueni mnada wa Msalato, ule wa kila Jumamosi nje kidogo ya mji wa Dodoma. Asubuhi ala zangu zimo mfukoni. Nazunguka nasalimia, "Mbukwenyi, mbukwenyi," naangalia ng'ombe wa nani wamepata mnunuzi na wa nani wanarudi nyumbani. Ikifika saa saba mchana nahamia upande wa nyama choma. Hapo mtu ameshauza, ameshahesabu mara tatu, hela amezisukuma mfuko wa ndani, ameagiza mbavu, anangoja ziive. Hakuna mtu mpole kama anayengoja nyama. Ana nafasi, ana hela, na mikono yake haina kazi.

Simwendei. Naanza kupigia mbali kidogo, na wakati huo naangalia miguu. Uso wa mzee mwenye hela umeshajifunza kunyamaza, lakini mguu haujui siri. Ukianza kugonga vumbi nasogea nusu hatua, nalipunguza zeze mpaka linanong'ona, halafu katikati ya wimbo namuuliza: jina lako nani, baba yako nani, unatoka kijiji gani? Akitaja tu, amekwisha. Jina linaingia kwenye wimbo, baba yake anaingia, ng'ombe wake wanaingia mmoja mmoja na rangi zao, na mama aliyemzaa anaingia mwisho. Wenzake wanapiga kelele, muuza nyama anasimamisha kisu. Atatoa 2,000, na jirani yake aliyedhani ameponea atatoa 5,000 ili wa kwake nao waimbwe. Ombaomba anapewa na mtu anayetaka aondoke. Mimi natuzwa na watu wanaonizuia nisiondoke.

Majina nayo yana mitego. Harusi moja kule upande wa Mpwapwa, mshenga alininong'oneza jina la mzee mwenye shughuli, nikalisikia nusu. Nikamsifu robo saa nzima, nikampandisha mpaka juu ya Milima ya Kiboriani, na kila nikiangalia miguu naona imekufa. Kumbe nilikuwa naimba jina la kaka yake, na hao ndugu wawili walikuwa baraza la ardhi wakigombea shamba la marehemu baba yao. Chakula walinipa, lakini walinipa jikoni. Tangu hapo nauliza jina mara mbili, na la pili namuuliza mwanamke.

Kingine ambacho msikilizaji wa mjini hakioni ni kalenda. Januari mpaka Machi kwetu ni miezi ya njaa: mvua inanyesha, watu wako shambani, ghala tupu. Ukienda kupiga kijijini wakati huo utapewa heshima zote na maji ya kunywa. Miezi hiyo nakwenda Morogoro na Dar, au nakaa upande wa Hombolo zabibu zikianza kuvunwa, maana zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka na vibarua wa zabibu hulipwa jioni hiyo hiyo. Mei na Juni mavuno yanaanza kuingia, ndipo narudi. Kuanzia hapo mpaka Septemba sipumui. Ni jando, ni harusi, ni mahafali, ni mwenyekiti wa kijiji anataka mgeni rasmi apokelewe kwa zeze. Kazi ya kuitwa inalipa kuliko kofia mara tano au sita, na wanaoniita karibu wote waliniona kwanza nikiwa na kofia. Siku ambayo kofia inarudi na 3,000 nazihesabu na namba za simu nilizoandikiwa.

Msimu huo wa mahindi napenda sana Kibaigwa. Soko lile linapokea mahindi kutoka Kongwa, Kiteto na kwingine, na malori yanapanga foleni mpaka unashangaa barabara inapita wapi. Matajiri wa malori siwapigii, wako kwenye simu. Nawapigia makuli. Mtu anayebeba gunia la kilo mia anahitaji mdundo kuliko bwana harusi. Nikiwapigia ilimba kwa mwendo wa hatua zao, wanapanda ubao wa lori kama wanacheza, na kila mzunguko mmoja wao anaangusha sarafu. Ni 200, ni 500, hazina kishindo, lakini zinaanguka kutwa nzima.

Kofia yenyewe ina adabu yake. Kabla ya kuanza natia chambo: noti ya 1,000 na sarafu mbili za 500. Ukitia sarafu za 100 peke yake utapata za 100. Ukitia noti ya 10,000 watu watasema huyu ameshashiba, na mmoja wao ataanza kuitamani hiyo 10,000.

Siku hizi nabeba pia kipande cha boksi chenye namba ya simu, kwa sababu vijana wanatembea bila hata shilingi. Tatizo laini imesajiliwa kwa kidole cha mama watoto. Mtu anataka kunitumia 2,000, simu inamwonyesha jina la mwanamke, ananiangalia na ndevu zangu, anaahirisha. Nimekosa hela nyingi kwa uvivu wa kwenda kusajili laini yangu, na kwa hilo simlaumu mtu.

Safari ndiyo inayokula faida. Zamani nilikuwa mtu wa treni, daraja la tatu, reli ile ya kati ya zamani. Treni ikisimama Saranda watu wote wanashuka au wananing'inia madirishani kununua kuku, na mimi nilikuwa na muda wa nyimbo mbili, wakati mwingine tatu dereva akipatana na wauza kuku. Tangu 2024 abiria wengi wa Dar na Dodoma wamehamia treni ya umeme. Nimeipanda mara moja, sina ubaya nayo: ni safi, inawahi, ukisinzia Morogoro unaamka Dodoma. Ila dirisha halifunguki, na katika behewa lililotulia vile hata kukohoa naona haya, seuze kupiga zeze. Nimerudi kwenye mabasi.

Na basi lina dhambi moja ambayo sitaisamehe. Mbele ya kisanduku cha ilimba pana tundu, na tundu hilo hufunikwa na utando wa buibui. Namaanisha ule mweupe kama karatasi anaoubandika ukutani kuficha mayai yake, si nyuzi zake za kunasia nzi. Huo ndio unaoifanya ilimba ivume kama mzinga. Ukitoboka, vijiti vya chuma vinalia kavu, kama mtu anayegonga sufuria. Mwaka jana kondakta aliitupia ilimba yangu gunia la viazi juu ya mfuko. Nafika ninakokwenda, harusi ni kesho yake asubuhi, utando umekwisha. Nililala gesti ya 7,000, na usiku ule nilizunguka na tochi ya simu nikikagua kuta, darini, nyuma ya mlango wa choo. Mhudumu akanikuta nimepiga magoti pembeni ya ndoo. "Baba, umepoteza nini?" Nikamwambia natafuta buibui. Alirudi nyuma pole pole, akaenda kumwamsha mwenye gesti. Mwenye gesti, Mungu ambariki, alikuwa mzee wa kwetu. Hakuniuliza kitu, alinipeleka moja kwa moja stoo ya magodoro. Tulipata tando tatu nzuri. Nikaubandika mmoja kwa mate, nyingine nikaziweka ndani ya kijitabu.

Mgambo wa stendi nao wana lao. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilipotoka mwishoni mwa 2018, vile vya shilingi 20,000, nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchukua. Stendi moja, jina naliacha, mgambo akakishika kitambulisho, akakigeuza, akaniuliza, "Sawa, bidhaa yako iko wapi?" Nikamjibu, "Si ndiyo hiyo ulikuwa unatikisia kichwa sasa hivi?" Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Nilikaa kwenye benchi la ofisi yao mpaka jioni.

Lililoniuma zaidi ni jingine. Kijana mmoja alinirekodi kwa simu, akanishukuru kwa adabu, akanipa 1,000. Miezi mitatu baadaye nimekaa kwa mama ntilie, nasikia zeze langu redioni chini ya tangazo la bidhaa. Mtu hakosei zeze lake. La kwangu uzi wa pili una mtetemo mdogo, nimeutoa kwenye waya wa breki ya baiskeli na haujawahi kukaa sawa. Nikawafuata wenye tangazo. Wakaniambia wimbo wa asili hauna mwenyewe. Wimbo ni kweli, ni wa babu zetu wote. Lakini mkono uliopiga ni wangu. Baadaye mwalimu mmoja wa sekondari akanielekeza kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda hata anayetumbuiza, si mtunzi peke yake. Nilikuwa sina karatasi, sina tarehe, sina hata jina la yule kijana. Sasa mtu akiinua simu nasimamisha zeze, namuuliza jina lake kama ninavyomuuliza mwenye ng'ombe, na naliimba, ili hata akiondoka na rekodi aondoke na jina lake ndani yake.

Mtaniuliza kwa nini nisingekwenda mbali kama Mzee Hukwe Zawose. Popote ninaposhika zeze naitwa "Zawose!", na siku hizi naitika. Mzee yule alitoka kijiji cha Doga hapa hapa kwetu, Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam, akaja kufundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na mpaka anafariki Desemba 2003 sauti yake ilikuwa imefika Ulaya na Japani. Nilimwona mara moja nikiwa kijana, amekaa na zeze lenye nyuzi nyingi hata nikashindwa kuzihesabu. Nilitamani. Lakini mtu kama huyo anazaliwa mmoja, na minada ya Dodoma ni mingi, na yote inataka mtu wa kukaa upande wa nyama.

Mwanangu ameandika haya yote nikimtajia, na ameniuliza kama tuandike kiasi ninachopata kwa mwezi. Nimemkataza, maana na ninyi watani mnasoma. Andikeni tu kwamba ada ya muhula huu imelipwa yote, na kwamba leo ni Alhamisi, Msalato ni keshokutwa, na kwenye kijitabu umebaki utando mmoja.

Msomaji wenu, Chamwino, Dodoma