Kalobeyei na wenzake: maswali yenu kuhusu makazi ya wakimbizi yaliyopangwa

Maswali mengi yaliyotufikia yanahusu Kalobeyei, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2016 katika kaunti ya Turkana, kilomita chache kutoka kambi ya Kakuma. Wengine wameuliza kuhusu Uganda na Tanzania. Tumeunganisha yanayofanana.

Kambi na makazi ya mpango yana tofauti gani? Mbona wote wako chini ya turubai?

Usiangalie paa, angalia nani anaingia shuleni. Kambini shule ni ya wakimbizi, chakula kinashushwa kwa lori, na Mturkana yuko nje ya mambo. Kalobeyei ilipimwa kama mji: takriban hekta 1,500 kwa watu 60,000, na wapangaji miji wa UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, walichora barabara, masoko na viwanja vya shule ambavyo mkimbizi na mwenyeji wangetumia pamoja. Chakula mtu alijinunulia dukani kwa pesa ya simu ya Bamba Chakula, miaka ya mwanzo shilingi 1,400 kwa kila mtu kwa mwezi.

Mpango ulikwama mapema. Vita vilipozuka tena Juba Julai 2016, watu walimiminika kutoka Sudan Kusini kabla mabomba hayajalazwa, na kijiji cha kwanza kikajengwa kwa haraka ya kambi. Duka nalo lilikuja na deni. Pesa ya mwezi ilipoisha wiki ya tatu, mama alichukua unga kwa mkopo na kumwachia mwenye duka laini ya simu kama rehani. Akishashikwa hivyo hakuweza kuhamia duka la bei nafuu, na ushindani uliotarajiwa haukuwepo.

Kila familia ipewe ploti ya ukubwa gani? Nimesoma mita za mraba 45 kwa mtu.

Namba hiyo ya Sphere, viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura, ni sahihi, ila wengi huisoma vibaya. Mita 45 zinajumlisha barabara, shule, zahanati, vyoo na bustani ndogo. Familia ya watu sita ikikatiwa mita 270 zote kama ploti yao, utafika mwisho wa ardhi kabla hujapata pa kuweka kisima. Ndani ya nyumba kiwango ni angalau mita za mraba 3.5 kwa mtu, yaani 21 kwa hao sita, jiko halihesabiwi. Acha mita mbili au zaidi kati ya nyumba na nyumba, na kila baada ya mita 300 za majengo uache uwazi wa mita 30 wa kuzuia moto. Uwazi huo ndio wa kwanza kuvamiwa na vibanda. Upe kazi tangu mwanzo: uwanja wa mpira unalindwa na vijana wenyewe.

Mteremko mzuri ni asilimia 1 hadi 5. Chini ya hapo maji yanasimama, juu ya hapo yanachimba. Na Turkana kuna laga, mto wa msimu ambao kwa miezi hufanana na barabara ya mchanga. Mvua ikinyesha milimani, maji yanafika huku mbingu ikiwa nyeupe. Usimwamini mpima ardhi aliyekuja kiangazi. Tafuta takataka zilizonasa kwenye matawi ya migunga, pima urefu wake kutoka ardhini, kisha muulize mfugaji mzee mbuzi wake walisombwa wapi.

Choo cha familia kichimbwe kina gani?

Kwa shimo kavu, kadiria mita za ujazo 0.06 kwa mtu kwa mwaka. Watu sita kwa miaka mitano ni 1.8. Mdomo ukiwa mita 1 kwa mita 1, chimba mita 1.8 na uongeze nusu mita ya juu isiyojazwa: 2.3. Kitako kibaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Kwenye mchanga jengea kingo kwa matofali au pipa lililokatwa vitako, la sivyo sakafu itazama mvua ya kwanza. Choo cha watu 20 kinakubalika siku za dharura tu. Kikizoeleka hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakifagiliwi.

Maji je? Na bustani zinawezekana kule?

Lita 20 kwa mtu kwa siku, bomba moja kwa watu 250, umbali usizidi mita 500. Kwa watu 60,000 hiyo ni lita milioni 1.2 kila siku na mabomba 240. Bustani inawezekana, lakini tuta lililoinuliwa hukauka kabla ya saa sita. Chimba kitalu kilichozama sentimita 20 hadi 30, changanya samadi, funika kwa majani makavu, mwagilia jioni. Sukuma wiki na kunde zitakuja. Mahindi sahau.

Familia ikipewa pesa ijijengee, nyumba huharibikia wapi?

Kwenye tofali. Pesa hutoka kwa mikupuo, msingi, kuta, paa, na watu wana haraka ya kupata mkupuo unaofuata, hivyo tofali la udongo na saruji linajengewa likiwa bichi. Kwa joto la Turkana linakauka nje na kubaki bovu ndani. Lifunikwe kwa nailoni na kunyunyiziwa maji wiki nzima, kisha likomae hadi siku 28. Kulipima, lizamishe kwenye maji usiku kucha. Pembe zikimeguka asubuhi, usilipokee. Jambo la pili ni mabati kupeperushwa: mbao za paa zifungwe kwa waya uliozikwa ukutani, misumari peke yake haitoshi. Na wanaopokea pesa siku moja waagize saruji kwa kikundi, kwa sababu bei Kakuma inajua siku ya malipo.

Ardhi ni ya nani mwishowe?

Hapa ndipo mipango mizuri hufia. Kenya, asiye raia hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja. Kifungu cha 65 cha Katiba kinamruhusu kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Anayekuuzia ploti Kalobeyei anakuuzia mabati na kuta. Uganda, ardhi ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale ni ya serikali, lakini ile ya makazi ya Bidi Bidi ni ya koo, na wazee walikubali kuitoa kwa mazungumzo. Ndiyo maana huko familia ilipata mita 30 kwa 30, isiyofika robo eka: inatosha nyumba na mchicha, shamba hapana.

Tanzania ilikwenda mbali zaidi. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa hekta tano kwa familia huko Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha. Miaka mingi baadaye zaidi ya 162,000 walikubaliwa uraia, lakini kwa sharti la kuhama makazi hayo na kutawanywa mikoa mingine. Nani atang'oa mihogo na makaburi ya wazazi? Uhamisho ulisitishwa, na vyeti vya uraia vilisubiri hadi 2014. Miaka hiyo ya kusubiri watu hawakujenga wala kupanda miti ya kudumu.

Ndugu yangu amefika Kenya juzi. Anaweza kufanya kazi?

Kwanza ajiandikishe: sheria inampa siku 30 tangu kuingia. Akishatambuliwa kuwa mkimbizi, Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu kuajiriwa au kufanya biashara, na kibali cha kazi cha daraja la M hakilipiwi. Akiombwa pesa ya kibali hicho, aondoke. Duka linahitaji leseni ya kaunti, hiyo inalipiwa. Na asisafiri nje ya eneo alilopangiwa bila kibali cha safari, hata kama mwajiri anamngoja Nairobi.