Mbunge asiye waziri ana mkono gani kwenye sheria?

Swali: Mbunge wetu si waziri wala naibu. Muswada wa serikali ukifika, namwona kwenye televisheni huko nyuma akiitikia "ndiyo" pamoja na wenzake. Ana mchango wowote, au anajaza kiti tu? – Mwalimu wa uraia

Jibu: Mwalimu, hapo unamtazama kazi ikiwa imeshaisha. Nimefanya kazi miaka mingi katika sekretarieti ya kamati za bunge, na ningekushauri umtafute huko, muswada unapopitiwa kifungu kwa kifungu. Kikao hicho kinachosha. Viti vingi vitupu, waandishi wa habari wameshaondoka, na aliyesoma muswada mpaka majedwali ya mwisho ana nguvu kuliko cheo chake.

Uingereza, mwaka 1977, bei zilikuwa zikipanda kwa kasi. Kiwango cha kipato kisichotozwa kodi hakikupanda nazo chenyewe, kwa hiyo watu wa kipato cha chini walizidi kuingia kwenye kodi bila sheria yoyote mpya kupitishwa. Jeff Rooker na Audrey Wise, wabunge wa kawaida wa chama tawala cha Labour, walipeleka marekebisho kwenye kamati ya muswada wa fedha: kiwango hicho kipande kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei, na serikali ikitaka vinginevyo ije bungeni iombe. Upinzani uliwaunga mkono, serikali ikashindwa. Hawakuwa na wizara, ila walikuwa wajumbe wa kamati iliyogawanyika karibu sawa, ambamo kura mbili zinatosha kuangusha hoja.

Njia ya pili ni kugoma, au kutishia kugoma. Mwaka 2005 serikali ya Tony Blair ilitaka polisi waweze kumshikilia mshukiwa wa ugaidi siku 90 bila mashtaka. Wabunge 49 wa chama chake walimkatalia, hoja ikaanguka kwa kura 322 dhidi ya 291, zikapita siku 28. Lakini migomo ya wazi namna hiyo ni michache. Mara nyingi mnadhimu wa chama, yule anayesimamia kura za wabunge wake, anahesabu vichwa, anaona kura hazitoshi, anamnong'oneza waziri, na kifungu kinaondolewa kimyakimya. Kwenye matokeo ya kura hutaona kitu.

Muswada binafsi, yaani unaoletwa na mbunge mwenyewe badala ya serikali, nao upo, na mingi hufa kwa kukosa muda. Hata hivyo, ule wa Sydney Silverman, mbunge wa kawaida wa Labour, ndio uliositisha adhabu ya kifo kwa mauaji huko Uingereza mwaka 1965. Serikali iliupa nafasi kwenye ratiba. Bila hiyo sidhani kama ungefika.

Kwa hiyo mwalimu, kabla ya kumhukumu, omba kumbukumbu rasmi za kamati yake. Tazama kama kuna jedwali la marekebisho lenye jina lake, na waziri alilijibu nini. Ukikuta ukurasa baada ya ukurasa hajasema neno, basi mpelekee yeye mwenyewe swali hili.