RNA inatokaje ndani ya bakteria?

Umeuliza RNA, molekuli inayoweza kunyamazisha jeni, inatokaje ndani ya bakteria anayeitengeneza hadi kuifikia seli ya mnyama. Katika jaribio la watafiti wa Boston lililochapishwa mwaka 2006, bakteria E. koli aliongezewa jeni mbili za kuazima kutoka kwa bakteria wengine: ya kwanza, iliyotoka kwa Yersinia, hutengeneza invasini, protini inayonasa kwenye uso wa seli ya utumbo mpaka seli yenyewe ikammeza, ya pili, ya Listeria, hutoa protini inayotoboa kifuko alimofungiwa ndani ya seli, na hapo ndipo RNA humwagika ndani ya seli na kunyamazisha jeni iliyolengwa, ambayo kwa panya wa jaribio hilo ilikuwa ya beta-katenini, protini inayohusishwa na saratani ya utumbo. Bakteria mwenyewe hupasuka humo humo kifukoni, na kwa maoni yangu huo ndio werevu wa mbinu hii.