Ardhi ya magadi: anza na pingili, mbegu zifuate

Kila ninapozungumza na wafugaji wanaotaka kurudisha malisho kwenye ardhi ya magadi, swali la kwanza huwa ni mbegu zinapatikana wapi. Ushauri wangu, baada ya kuipanda nyasi hii misimu mingi, ni kuanza na pingili, yaani vipande vya shina vyenye vifundo.

Nyasi ninayoisema ni Sporobolus spicatus, ya kienyeji kabisa. Utaikuta kando ya maziwa ya Natron, Manyara, Nakuru na Bogoria, kwenye udongo wenye ganda jeupe usioota kitu kingine. Majani yake ni magumu na ncha zake zinachoma. Chumvi inayoingia kupitia mizizi huitoa juu ya majani, ndiyo maana utayaona yana chembechembe nyeupe.

Mashina yake hutambaa juu ya ardhi, na kila kifundo kinachogusa unyevu hutoa mizizi. Maji ya ziwa yakirudi nyuma, nyasi huufuata ufuko mpya bila kungoja mbegu. Kata vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, hasa vilivyokwisha kutoa mizizi, uvifukie mvua inapoanza huku ncha ikibaki nje. Ila usikate vyote sehemu moja. Pingili huzaa nakala ya mama yake, na shamba lote likiwa la mama mmoja, udhaifu wake ni wa shamba zima. Chukua kutoka sehemu zilizo mbalimbali.

Mbegu ndizo zinazoleta damu mpya, nami nazipenda kwa namna zilivyoumbwa. Kila kiua kina sehemu ya kiume na ya kike, chavua hubebwa na upepo, na kila kimoja huzaa punje moja ndogo mno. Kwenye mahindi, ngozi ya tunda imegandamana na mbegu. Hapa haikugandamana: ikilowa huvimba, huwa utelezi na kuisukuma mbegu nje, ikanate kwenye kwato au manyoya ya mnyama anayepita. Kwa hiyo usivune wakati wa umande, mbegu zitachomoka na kushikana mabonge. Ngoja jua likaushe masuke, kisha uyapukutishe ndani ya mfuko wa karatasi.

Kuna jambo linalowashangaza wengi: mmea mkubwa unavumilia chumvi, lakini mbegu yake inataka maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ili iote. Chumvi ikizidi hulala tu. Ndiyo maana mimi husia mbegu baada ya mvua kubwa kuosha udongo wa juu, au kwenye kitalu cha maji ya kisima kisicho na chumvi. Zitawanye juu juu, usizifukie. Punje ndogo hivyo haina nguvu ya kupenya udongo mzito.

Zungushia miiba mpaka mashina mapya yaanze kutambaa yenyewe. Baada ya hapo, masuke yakishakomaa, ruhusu ng'ombe wapite mara moja moja siku za unyevu, maana kwato zao zitazipeleka mbegu usikopanda.