Uliyepanga geto Mbeya au Iringa, anza na sufuria ya maharage

Msomaji wa mwaka wa kwanza aliyepanga chumba Iyunga anauliza: mwanafunzi anayeishi kwa bumu, yaani pesa ya mkopo wa chuo, atunze mazingira kwa lipi? Ameshaambiwa apunguze kuchapa notisi na atembee na chupa yake ya maji. Sawa, lakini hayo ni makombo. Kwenye baridi hii ya nyanda za juu, mwanafunzi anamalizia moto kwenye vitu viwili: maharage na maji ya kuoga.

Kwenye tanuri la udongo la kienyeji, kilo 1 ya mkaa inakula kuni kati ya kilo 5 na 10 hivi. Kila saa unayoondoa jikoni inahesabika huko msituni. Halafu kuna suala la mwinuko. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Ukichochea mkaa sufuria itatokota kwa kelele zaidi, ila joto lake halipandi. Moto wa ziada unatoka na mvuke. Ndiyo maana maharage ya huku yanachukua muda kuliko ya Dar es Salaam.

Dawa ya kwanza ni kuloweka usiku kucha, saa 8 hadi 12, maji mara tatu ya maharage. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mengine. Nyanya, ndimu na ukwaju visubiri hadi maharage yaive, maana uchachu unayafanya yagome. Magadi kidogo yanasaidia kweli, ila ukizidisha unaharibu ladha na vitamini B1. Na kama yamekaa stoo tangu msimu wa mwaka juzi, usilaumu jiko.

Dawa ya pili ni kapu la joto, linalotunza joto ili chakula kimalizie kuiva bila moto. Chukua kapu kubwa la milulu, yale ya Iringa yanafaa sana, au hata boksi gumu. Tandika chini na pembeni pumba za mpunga zilizofungwa kwenye mfuko wa nguo, au blanketi kuukuu, unene wa sentimita 7 hadi 10, ukiacha nafasi inayobana sufuria. Tengeneza na mto wa juu. Maharage yaliyolowekwa yachemshe kwa nguvu dakika 30, funika, hamishia kwenye kapu papo hapo, fukia, uende kipindi. Baada ya saa 4 yarudishe motoni yachemke tena, ndipo uunge. Wali unahitaji dakika 5 tu za kuchemka na saa nzima kwenye kapu. Punguza maji kama robo, kwa sababu hayakauki.

Kapu linashindwa kwa sababu zinazojulikana. Sufuria yenye chakula kidogo hupoa upesi, kwa hiyo pikeni wawili au watatu kwa pamoja. Kufunua kuchungulia kunatoa joto lote. Na usiruke ile dakika 30 ya mwanzo: maharage, hasa mekundu, yana sumu inayokufa kwa kuchemka hasa, si kwa uvuguvugu. Chakula kisilale humo.

Wenye uwezo wa kuchangishana wanunue presha kuka ya umeme. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa haifiki nusu uniti, kwa sababu ndani ya presha maji yanapita nyuzi 100 na habari ya mwinuko inaisha.

Maji ya kuoga sasa. Ndoo ya lita 20 ukiitoa nyuzi 15 hadi 50 kwa hita ya kuchovya ni uniti 0.8, na nusu yake utaimwaga. Chemsha lita 3 kwenye birika, changanya na lita 7 za baridi: unapata lita 10 za nyuzi 38 au 39 kwa uniti 0.3 hivi. Hita ya kuchovya izimwe ukutani kabla hujagusa maji, kila mara. Angalia pia mita: bei ya chini ya umeme wa nyumbani inaishia uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo nyumba ya vyumba vinane inayochangia LUKU moja inavuka mapema na kila uniti inayofuata ni ghali.

Maji ya kunywa hayahitaji robo saa. Yakitokota vizuri dakika 1 inatosha Mbeya na Iringa mjini. Ukiwa juu ya mita 2,000, kama sehemu nyingi za Makete, acha dakika 3.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani kuota moto, hata Julai. Kaboni monoksidi haina harufu, na dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo ukienda soko la Mwanjelwa beba kapu, na kopo lenye mfuniko kwa dagaa na mafuta ya kupima. Notisi? Mwambie wa steshenari atoe mbele na nyuma, kurasa mbili kwa upande mmoja.