Kombe mmoja kafa, wa pili anajikunja: nitie dawa ya shaba?

SWALI: Fundi shikamoo. Mie niko Muscat, nina tangi la maji chumvi la lita 300, huu mwaka wa pili. Nilinunua makombe wawili wa Tridacna maxima, wale wa magamba mawili wanaojishika kwenye mwamba, mmoja wa buluu na mmoja wa kahawia. Yule wa buluu alianza kujikunja kama wiki mbili hivi, juzi asubuhi nikamkuta kafa na minyoo yenye manyoya imejaa ndani yake. Sasa huyu wa kahawia naye kaanza vilevile. Maji nimepima, chumvi 35, kalsiamu 420, joto 26, taa ni ileile. Jamaa kaniambia nitie dawa ya shaba niue minyoo yote. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Kwanza hiyo chupa ya shaba itoe kabisa hapo karibu na tangi. Shaba ni dawa ya samaki wenye vijidudu, na wanawekwa tangi la pembeni, si hapo ulipo na kombe na matumbawe. Itaua minyoo sawa, lakini itamuua na kombe uliyebaki naye, itaua konokono wako wa kusafisha na kamba pia, alafu mwamba na mchanga unainyonya ile shaba, sasa hata ukibadilisha maji bado utakuwa unahangaika nayo miezi.

Na hiyo minyoo yako nadhani unaisingizia. Minyoo ya manyoya kazi yake ni kula mizoga, inasikia harufu ya kombe anayekufa inakuja usiku inajaa, wewe asubuhi ukiamka unakuta wao ndio wako juu ya maiti basi kesi imeisha. Ni kama kumkuta kunguru jaani useme yeye ndo kaleta taka. Kombe mzima anafunga gamba, mnyoo wa kawaida hamuwezi. Mie katika matangi ninayohudumia makombe na hiyo minyoo wanakaa pamoja miaka.

Maji yako kwa namba ulizonipa hayana neno, taa hujagusa, na wamefuatana mmoja baada ya mwingine. Hapo mie namtafuta mla kombe aliyejificha chini, na hawa wanaoleta balaa zaidi ni konokono, wa aina mbili, ambao usipowatofautisha utafanya kazi ya bure.

Wa kwanza ni wadogo sana, weupe, wamechongoka, ukimuona utasema punje ya mchele, na mara nyingi ni mdogo kuliko hata hiyo punje. Kitaalamu ni ukoo wa Pyramidellidae. Hawa hawatafuni, wana mrija mrefu wanauchomeka kwenye nyama ya kombe wananyonya maji ya mwili wake kama mbu. Mmoja wawili kwa kombe mkubwa si kitu, shida ni kwamba wanazaana humohumo tangini, baharini kuna wa kuwala lakini kwako hakuna, wiki chache tu unao mia. Mchana huwaoni, wanashuka chini ya gamba, karibu na lile tundu ambalo kombe anatolea nyuzi za kujishikia kwenye mwamba, usiku ndo wanapanda kwenye ukingo wa nyama wanajipanga kama watu kwenye bomba la maji.

Wa pili ni mkubwa, Cymatium muricinum, gamba lake gumu na mara nyingi lina kama manywele hivi, anaweza kufika sentimita 5 hata zaidi, lakini anayekuja na kombe wa dukani huwa mdogo. Huyu hanyonyi, huyu anaingia ndani, anapita kwenye lilelile tundu la chini akiwa mtoto kisha anakaa anakula nyama kwa raha zake, na mmoja tu anatosha kumaliza kombe. Wafugaji wa makombe kule Visiwa vya Solomon wanamjua vizuri, maana watoto wake wanaelea baharini wanakuja na mkondo hadi kwenye vizimba, ndo mana vizimba lazima vikaguliwe kwa mkono kila mara. Uzuri wake kwako wewe ni hapohapo: mtoto anayehitaji kuelea bahari nzima hakui ndani ya lita 300, kwa hiyo ukimtoa mmoja kaisha. Yule mdogo mweupe ndo kazi.

Leo usiku fanya hivi. Zima taa, subiri masaa mawili au matatu, chukua tochi uifunge karatasi nyekundu hata ya pipi, mulika ukingo wa nyama na chini kwenye gamba. Usishtuke ukimkuta kombe kajivuta, usiku wote wanajivuta kidogo. Ukiona vipunje vyeupe vimejipanga pale, umempata. Ila si kila konokono mdogo ni adui, wapo wadogo wanaokula mwani kwenye kioo na wako mbali na kombe, hao waache. Anayekuhusu ni anayeng'ang'ania kombe.

Asubuhi unamtoa kombe tangini. Hapa ndo watu wanaua kombe kwa mikono yao wenyewe: kama kajishika kwenye mwamba USIMVUTE. Zile nyuzi zinatoka kwenye tezi mguuni, ukiing'oa na nyama yake anaweza kufa hata kama konokono wote umewatoa. Chukua wembe, kata nyuzi upande wa mwamba, mbali na nyama. Kisha mweke kwenye ndoo ya maji ya tangi lako, shika mswaki mpya laini, sugua gamba lote nje, kwenye bawaba, kwenye yale mapindo ya gamba, na kuzunguka tundu la chini bila kugusa nyama. Unachotafuta si konokono tu, tafuta na mayai, ni kama ute wa jeli unaong'aa umeganda kwenye gamba, hayo ndo yanakurudishia ugonjwa wiki ijayo. Chungulia ndani ya tundu, ukiona gamba la mtu mwingine humo mtoe taratibu na kibanio. Yale maji ya ndoo yamwage, usiyarudishe tangini. Unapomrudisha mlaze ubavu chini ya maji hewa itoke yote, hewa ikibaki ndani inamsumbua.

Mtu atakuambia mtie kombe kwenye maji yasiyo na chumvi dakika 20 au 30. Hiyo njia ipo, inasaidia minyoo bapa na ule ugonjwa wa nyama kujibana, na maji yake lazima yawe ya RO, yaani yaliyochujwa kwa mtambo, joto sawa na la tangi, pH, yaani uchachu wa maji, umeisawazisha na beking soda. Lakini kwa konokono mie siitegemei, kwa sababu anavuta kifuniko chake anafunga mlango, anakungojea umalize. Na kombe wako tayari ni mgonjwa, kwanini umtese.

Kuhusu samaki wa kuwala, wapo, yule mdogo wa mistari sita Pseudocheilinus hexataenia na yule wa njano Halichoeres chrysus, wanachokonoa vikonokono kweli. Ila wao wanalala usiku, na maadui zako wanafanya kazi usiku, mchana wamejibana chini ambako mdomo wa samaki haufiki vizuri. Mweke kama msaidizi, si kama dawa. Halafu huyo wa mistari sita akikomaa ni mkorofi, samaki mpya mdogo ukimleta baada yake atamkimbiza mpaka aruke nje, na wa njano anataka mchanga wa kujifukia. Ukiwa na kikande au bunju kwenye hilo tangi niambie, maana hao wenyewe wanamtafuna kombe, hapo hatuna haja ya kusaka konokono.

Baada ya kusugua mweke kombe juu ya kijiwe bapa kinachonyanyuka, ajishikie hapo, ili kila wiki unamnyanyua na kijiwe chake unasugua tena bila kukata nyuzi. Kila wiki, kwa miezi miwili, hata kama huoni kitu. Wengi wanasugua mara mbili wanachoka, kisha mwezi wa pili wananiandikia upya. Gamba la yule aliyekufa lisibaki tangini kama pambo, nalijua ni zuri, litoe, lisugue au litupe, linaweza kuwa na mayai. Na ukinunua mwingine akae tangi la pembeni wiki sita, lenye taa ya kumtosha maana chakula chake kingi kinatokana na mwanga.

Huyo wa kahawia, kama ukimpitishia kivuli cha mkono bado anashtuka na kujifunga, ana nafasi. Anza leo usiku, na picha ya chini ya gamba nitumie kabla hujampiga mswaki.